Nani Atakulipa Mshahara?

Mhadhara kwa vijana na wazazi wa Songea



Nimeombwa nizungumze juu ya kamari, na nadhani aliyeniomba alitegemea nije kukemea. Sitakemea. Viongozi wa dini wameshasema neno lao, na kila mmoja wetu anajua akalisikilize wapi, Ijumaa au Jumapili. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimekuja na swali la kijana mmoja, na nitajitahidi kulijibu kwa hesabu ambazo mtu yeyote hapa anaweza kuzirudia nyumbani kwa kalamu.

Kijana huyo ni dereva wa bodaboda, kijiwe chake hakiko mbali na Soko Kuu. Alinijia na simu mkononi, akanionyesha mchezo wa karata wa mtandaoni. "Shikamoo Mwalimu," akasema. "Poka si mkeka. Mkeka ni bahati, poka ni akili. Nimecheza miezi kadhaa na niko mbele. Nataka niuze pikipiki iwe mtaji, hii ndiyo iwe kazi yangu. Unanishauri nini?"

Nililipenda swali lake. Hakuuliza kama inawezekana kushinda, maana hilo halina ubishi; jirani yake ameshinda na mtaa mzima umesikia. Aliuliza kama ni kazi. Na ukiambiwa jambo fulani ni kazi, cha kwanza kuuliza ni mshahara: unatoka mfukoni mwa nani, na kwa nini mtu huyo akubali kuutoa mwezi hadi mwezi? Fundi cherehani analipwa na mwenye nguo. Mwenye mashine ya kusaga analipwa na anayetaka unga. Mcheza kamari je?

Nianze na mkeka, ile tiketi ya kubashiri mechi, ingawa kijana wangu ameukataa, kwa sababu ndio ulioko mlangoni kwetu. Poka hapa Songea ni ya wachache. Mkeka ni wa wote. Pita Jumamosi jioni Lizaboni, Mfaranyaki au Bombambili uchungulie kwenye kibanda umiza, wanakoonyesha mpira. Mji huu uliwahi kuwa na timu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mara tatu, 1985, 1986 na 1998. Baba zetu waliokwenda Uwanja wa Majimaji walilipa kiingilio, wakapiga kelele, wakarudi nyumbani. Leo Majimaji iko nje ya Ligi Kuu tangu iliposhuka mwaka 2018, na kijana wa hapa anaweza asijue nani anaifundisha, lakini anajua kwamba kipa wa timu ya daraja la pili huko Uturuki ameumia kidole. Msidhani hayo ni mapenzi ya soka. Anasuka mkeka.

Sasa tushike kalamu. Tuseme mechi imepewa odi hizi: mwenyeji ashinde 2.50, sare 3.10, mgeni ashinde 2.80. Wewe unataka uhakika wa kurudishiwa shilingi 1,000 kwa matokeo yoyote yale. Basi weka 400 kwa mwenyeji, 323 kwa sare, 357 kwa mgeni. Liwalo na liwe, utapokea 1,000 yako. Jumlisha ulichoweka: 1,080. Hizo 80 ndizo mshahara, na si wako. Kampuni haina haja ya kujua nani atashinda. Haina haja hata ya kupanga matokeo, kama tunavyonong'onezana mkeka ukichanika dakika ya 90. Inatosha bei zake zimekaa hivyo, na watu waendelee kuja.

Hiyo ni mechi moja, na nani hapa husuka mkeka wa mechi moja? Mikeka yetu ina mechi nane, kumi, kumi na mbili, kwa kuwa ndipo shilingi 500 inapogeuka laki. Kwa bei za aina ile, kila mechi hukuachia wastani wa 926 katika kila 1,000. Ukiunga ya pili, kampuni inakata tena kwenye hicho kilichobaki, na ya tatu vivyo hivyo. Ukifika mechi nane, wastani wa kinachobaki ni kama 540. Mechi kumi na mbili, hazifiki 400. Na kodi ya ushindi, ambayo Bunge limebadilisha kiwango chake zaidi ya mara moja, bado haijaguswa. Ule mkeka mrefu tunaoupenda ndio bidhaa ghali kuliko zote zilizomo dukani.

Jakpoti ya mechi 13 ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Kila mechi ina njia tatu, kwa hiyo njia zote kwa pamoja ni 1,594,323. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 1.8 katika mkoa wetu. Kwa hiyo wachukueni watu wa Ruvuma wote, kuanzia Tunduru hadi Mbamba Bay, pamoja na watoto walioko migongoni, kila mmoja ajaze tofauti na mwenzake mpaka njia zote ziishe. Hapo tutakuwa na hakika kwamba mtu mmoja katika mkoa ameipata.

Kuna pia mchezo wa kindege, kile kinachopaa huku namba ikipanda mpaka kipotee. Watengenezaji wake wanasema wazi kwamba kwa wastani kinarudisha asilimia 97. Vijana wakisikia 97 wanafurahi, kwani ni bora kuliko mkeka. Lakini mkeka unasubiri Jumamosi. Kindege kinaruka tena kabla hujafuta jasho. Weka shilingi 1,000 kila kinaporuka, mara 100, jambo linalowezekana ndani ya saa moja au mbili. Umezungusha 100,000, na kwa wastani umeacha 3,000. Ni kazi ya ajabu hiyo, ambayo mfanyakazi ndiye anayemlipa mwajiri kwa saa. Dubwi, zile mashine za sarafu, sitapotezea muda. Humo hata kujidanganya kwamba unafanya utafiti huwezi.

Mtaniuliza: kwani hakuna anayeishi kwa kubeti hapa mjini? Wapo, na ninawafahamu. Yuko wakala anayepata kamisheni. Yuko mwenye kibanda umiza, anayeuza kiti, soda na umeme wa kuchaji simu. Yuko wakala wa pesa za simu, anayepata chake ukiweka na chake ukitoa. Na siku hizi yuko kijana mwenye kundi la WhatsApp au Telegram, anayeuza "odi za uhakika" kwa wanachama maalumu. Huyu wa mwisho mtazameni vizuri. Anayejua kwa hakika nani atashinda kesho hana sababu ya kukuuzia habari hiyo kwa shilingi 5,000. Anaishi kwa kubeti kweli, ila anayebeti ni wewe. Hao wote wana kitu kimoja: mshahara wao hautegemei nani kashinda mechi. Na yule stadi wa kweli, mwenye kuzijua timu kuliko kampuni yenyewe, duniani kote kampuni nyingi zina dawa yake: zinampunguzia kiwango cha dau mpaka anachoka mwenyewe.

Haya, nirudi kwa kijana wangu, maana hoja yake ni nzito kuliko tunavyopenda kukubali. Kwenye poka hushindani na kampuni. Unashindana na watu waliokaa mezani, na kampuni inakata fungu lake katika kila chungu cha pesa kinachochezewa. Kwa hiyo yupo mtu wa kukulipa mshahara: ni mchezaji mbovu kuliko wewe. Na ubovu katika poka ni kitu halisi. Kuna mtu anayeshindwa kutupa karata mbaya kwa kuwa ameshaweka pesa. Kuna anayecheza kwa hasira baada ya kupigwa. Kuna asiyejua kwamba ree mbili za mwanzo huja mara moja tu katika kila migawo 221, naye kila baada ya dakika tano anasadiki kwamba mwenzake anazo. Anayeyajua hayo na kuyatumia kwa subira atawapata wasioyajua, mwisho wa hesabu. Akili ina kazi yake humo. Nampa kijana haki yake.

Tatizo liko kwenye maneno hayo, "mwisho wa hesabu". Mwisho huo uko mbali kiasi gani? Ukiwa na ree mbili na mwenzako ana wafalme wawili, na pesa zote ziko katikati, wewe utashinda kama mara 82 katika 100. Hiyo ni miongoni mwa hali nzuri mno unazoweza kuziomba mezani, na bado karibu mara moja katika tano unaondoka umelia. Sasa tumchukue mchezaji hodari, si wa kujisifu, hodari kweli, anayepata faida ya wastani wa madau matano ya msingi kwa kila migawo 100. Akicheza migawo 10,000 anategemea faida ya madau 500. Lakini poka huyumba sana. Kwa makadirio ya kawaida, katika migawo hiyo 10,000 mtu anaweza kusukumwa juu au chini kwa madau 1,000 bila kukosea chochote. Matokeo yake ni kwamba wachezaji hodari watatu wakikaa kucheza migawo 10,000, karibu mmoja wao atamaliza akiwa na hasara. Kwenye meza ya kawaida, ya migawo 30 kwa saa, migawo 10,000 ni zaidi ya siku 40 za saa nane nane. Siku 40 za kazi, ukiwa hodari, ukiwa hujakosea, na mshahara wako ni deni.

Na upande wa pili wa shilingi ni huu: yule mbovu naye anaweza kuyumbishwa kwenda juu. Kijana aliponiambia yuko mbele kwa miezi kadhaa, nilimwuliza amecheza migawo mingapi. Hakujua. Alikumbuka siku tatu kubwa za ushindi. Hakuwa na daftari. Mama ntilie wa pale stendi ana daftari la nani anadaiwa chapati mbili, na yeye anataka kuuza chombo chake cha kazi bila daftari!

Halafu kuna jambo la mtaji ambalo wenye mishahara ya mwisho wa mwezi hulisahau. Pikipiki ikichakaa unainunulia tairi kwa pesa ya abiria. Mtaji wa poka ndio chombo, na humo humo ndimo unamotoa pesa ya unga, kodi ya chumba na ada ya mdogo wako. Miezi ikiwa mibaya, hasara inaula upande mmoja na tumbo linaula upande mwingine. Hapo ndipo watu wanapokimbilia mikopo ya kausha damu, na anayecheza kwa pesa ya kausha damu hachezi tena kwa akili aliyokuwa akijivunia.

Nirudi kwa yule mlipaji, mchezaji mbovu. Anapatikana wapi? Historia ya poka yenyewe inajibu. Mwaka 2003 mhasibu wa Kimarekani aitwaye Chris Moneymaker alianzia kwenye shindano dogo la mtandaoni, akaishia Las Vegas kushinda dola milioni 2.5 mbele ya wachezaji waliozoea. (Jina ni lake la kweli, sikulitunga.) Mwaka ule walioingia shindano hilo la Las Vegas walikuwa 839, miaka mitatu baadaye, 2006, walikuwa 8,773. Dunia nzima ilitaka kuwa Moneymaker, na wengi wao hawakujua kucheza. Hiyo ndiyo ilikuwa neema ya wataalamu. Kisha tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka, na ikabainika kwamba mojawapo, Full Tilt, haikuwa na pesa za kuwalipa wachezaji wake. Wachezaji wa Marekani waliokuwa na akiba humo walisubiri hadi 2014 ndipo malipo yalipoanza, tena kwa mkono wa serikali. Na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook walitangaza programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliyowashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Kuifundisha kompyuta hiyo kuligharimu chini ya dola 150. Kwa hiyo unapokaa na simu yako Ruhuwiko saa nane usiku, wanaokusubiri upande wa pili ni wale waliobaki baada ya wabovu kuishiwa, na pengine mmoja wao si mtu.

Kuhusu meza za ana kwa ana, kasino nyingi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Meza ya nyumbani, ya marafiki, tuiseme kwa ufupi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kuendesha mchezo wa namna hiyo kibiashara bila leseni ni kosa. Sheria yetu ya mikataba nayo inayahesabu makubaliano ya kamari kuwa batili. Maana yake rafiki aliyepoteza ng'ombe mezani akikataa kukupa, mahakama haitakusaidia kumdai. Na tovuti ya nje isiyo na leseni ya Bodi ikikufungia akaunti, sijui utapanda gari gani kwenda kulalamika.

Niliyasema hayo yote, na kijana akanijibu jibu ambalo limeniweka macho kuliko hesabu zote. "Mwalimu, na kilimo nacho ni kamari."

Sina nia ya kumcheka. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walikuwa wakila mahindi nchini, na mwaka huo huo serikali ikazuia mahindi kuuzwa nje. Bei ikaanguka, na waliovuna vizuri wakabaki na magunia. Mwaka 2022 mbolea ilipanda mpaka serikali ikaleta ruzuku. Anayelima Namtumbo au Madaba anaweka mbegu, mbolea na miezi sita ya mgongo wake mahali ambapo mvua, mdudu au waziri anaweza kuvichukua. Ukimwambia mtu wa namna hiyo asicheze kamari, atakuuliza ni lini aliacha.

Ila tofauti ipo, na iko pale pale kwenye mshahara. Mkulima akikosa bei, gunia lipo, na watoto watakula. Mvua haikati fungu lake kabla ya kunyesha. Na anayemlipa mkulima anaondoka na debe lake akiwa ameridhika, kesho kutwa atarudi. Anayemlipa mcheza poka anaondoka amefilisika au amejifunza, na kwa vyovyote vile harudi. Kazi ya namna hiyo inawamaliza wateja wake kadiri unavyoifanya vizuri.

Lakini chini ya hoja ya kijana kuna nyingine ambayo hakuisema, nami nitamsemea. Dereva asiye na pikipiki yake anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, anabaki na elfu chache. Elfu chache huliwa. Hakuna njia anayoiona ambayo elfu chache zinageuka milioni mbili au tatu kwa mkupuo, isipokuwa mkeka. Hapo ndipo kampuni zinapotushinda sisi washauri: zinauza mkupuo, sisi tunauza nasaha. Akina mama wa sokoni wanalijua hili zamani. Wanacheza mchezo wa kupeana: kumi, ishirini, kila mmoja anatoa kiasi kile kile kila wiki, na zamu ikifika unapokea mkupuo wako mzima bila kukatwa senti. Vikoba navyo ni njia hiyo hiyo, na riba inabaki kwenye kikundi. Halmashauri ina mikopo ya asilimia kumi ya mapato yake, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mfumo ambao mpenda soka yeyote anapaswa kuukumbuka. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa. Viongozi mliopo hapa, kijana akija na fomu msimzungushe wiki sita. Kampuni ya kubeti inamfungulia akaunti kwa dakika mbili.

Basi jibu langu kwa kijana, na kwa yeyote mwenye swali kama lake, ni hili. Mkeka, kindege na dubwi si kazi na haviwezi kuwa kazi, kwa sababu hakuna aliyekaa upande wa pili kukulipa. Poka inaweza kuwa kazi kwa watu wachache sana, wenye mtaji ambao wakiupoteza watakula vilevile, na wenye meza zilizojaa wabovu wenye pesa. Songea hatuna meza hizo. Kwa hiyo usiuze pikipiki. Ukitaka kuendelea, cheza jioni baada ya kazi, kwa pesa ambayo ungenunulia soda, na uandike kila mgawo na kila shilingi, iliyoingia na iliyotoka, bila kuruka siku mbaya. Ukifikisha migawo 50,000 uniletee daftari tulisome pamoja, nami nikikuta nimekosea nitasema hadharani kama ninavyosema leo.

Na ninyi wenye vibanda na mashine, sheria inasema miaka 18. Mtoto mwenye sare ya shule anajulikana hata akilivua shati. Mrudisheni nyumbani.

Naomba maswali, na tuanze na akina mama.